Jana nimeangalia muvi ya zimamoto, leo nina watu nataka kuwaomba radhi

Mwenye uzi

Wakuu habari za jumapili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite atarudi akitulia, mi nisipoandika leo najua sitaandika tena.

Jana Moshi mvua imeshinda inanyesha, ile ya taratibu isiyokatika, nikaona leo sitoki. Nikapita kwa yule dogo anayetuwekea muvi kwenye flashi karibu na soko la Mbuyuni nikamwambia niwekee kisa cha kweli, nimechoka na watu wanaoruka magorofa, akasema kaka chukua hii ila usiangalie peke yako. Ikawa Only the Brave, ya 2017. Nyumbani tulikuwa mimi, mama watoto, mdogo wangu wa kiume, na mama mkwe ambaye ameshuka kutoka Kibosho ana kliniki KCMC jumatatu.

Kwa ambaye hajaiona, ni kisa kilichotokea kweli Marekani, jimbo la Arizona, mji unaitwa Prescott. Kuna kikosi kinaitwa Granite Mountain Hotshots, kazi yao ni moto wa porini na milimani. Tarehe 30 Juni 2013 watu 19 wa kikosi hicho waliteketea kwa pamoja kwenye moto wa Yarnell Hill, moto ambao radi iliuwasha siku 2 kabla. Kikosi kilikuwa na watu 20. Aliyebaki ni mmoja tu, kijana anaitwa Brendan McDonough, kwa sababu siku hiyo alikuwa amewekwa mbali kidogo na wenzake kama mtu wa kuangalia moto unaelekea wapi. Huyu kijana kwenye muvi tunamuona tangu mwanzo akiwa teja, ana mtoto mchanga ambaye hata kumlea hawezi, anakuja kuomba kazi watu wanamcheka, na kiongozi wao anampa nafasi. Sijamaliza uhondo maana mwisho unajulikana, na hata ukiujua bado unaumia.

Sasa twende kwenye kilichonileta hapa. Muvi imefika kama nusu saa mama mkwe akauliza, na aliuliza kwa upole kabisa, "Baba, hawa zimamoto mbona hawana maji?"

Nikakosa jibu. Kweli ukiangalia vizuri hamna mtu ameshika mpira wa maji. Wamebeba misumeno ya mashine, majembe, mashoka, wanakata vichaka wanachimba mpaka udongo mtupu unaonekana, mstari mrefu unaozunguka mlima, mgongoni mzigo, jua kali, halafu wakimaliza wanawasha moto wao wenyewe kwa makusudi uende ukakutane na ule mkubwa. Mdogo wangu ndo akaelewa kwanza, akasema wanaunyima chakula. Moto ukifika kwenye udongo mtupu au mahali palipokwisha kuungua unakosa cha kula. Mama mkwe akatikisa kichwa akasema kumbe ni kama sisi tunavyolima pembeni mwa shamba kabla ya kuchoma majani makavu. Hivyo hivyo mama.

Ila mi lile swali lilinibana kifuani na sikumwambia mtu pale sebuleni. Hayo maneno "mbona hawana maji" mi niliyasema kwa kupiga kelele, mbele ya watu, miaka 2 iliyopita, usiku, Majengo.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vya kupanga, mtaa wa pili kutoka kwangu, chanzo sitakitaja kwa sababu mwenyewe yupo na yaliyompata yanamtosha. Tulitoka na ndoo, kila mtu anavyojua. Gari la zimamoto likafika, likapenya kwa shida maana mtaa mzima umejaa bodaboda na watu wameshika simu juu wanarekodi, wakavuta mpira, wakapiga maji, chumba cha kwanza kikazima, cha pili kikaanza kufifia, afu maji yakaisha. Gari likageuka likaenda kujaza. Hapo ndo watu tulipoanza. Mmekuja na gari tupu, mmekuja kupiga picha, kodi zetu, na mi nikiwa katikati yao nimepandisha sauti kuliko wote kwa sababu nimeamka usingizini na nina hofu. Kuna mmoja aliokota jiwe, namshukuru Mungu alishikwa mkono.

Gari lilipoondoka askari wawili walibaki. Hawakujibu hata neno. Mmoja alipanda ukutani akaanza kung'oa mabati ya vyumba ambavyo havijashika ili moto usitembee juu ya dari, yaani kazi ileile ya wale wa Arizona, kuunyima chakula, na mi nimekuja kuielewa jana. Mwingine akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Chumba gani kina gesi?" Dada mmoja akaonyesha kwa kidole. Akashusha kioo cha helmeti akaingia, huku nyuma sisi tunamtukana. Alikaa ndani nadhani dakika 1, labda 2, nikaona anatoka amekumbatia mtungi, ule mdogo wa kilo 6, moshi unamtoka mabegani, akaenda nao mpaka kwenye mfereji akaulaza kwenye maji ukafuka mvuke. Akarudi tena. Mtungi wa pili.

Gari likarudi, moto ukazimwa, vyumba 4 vikapona. Na hapa ndipo nisipopasahau. Yule wa mitungi alikaa kwenye tofali, akavua glavu, mtu akampa chupa ya maji ya dukani, akashindwa kufungua kifuniko. Vidole vinatetemeka, vinateleza kwenye kile kifuniko cha bluu, anajaribu tena. Mama mmoja muuza vitumbua akamnyang'anya chupa akamfungulia akamrudishia bila kusema kitu. Nilikuwa hatua 3 kutoka kwake. Ningeweza kusema samahani kaka. Nikarudi ndani nikalala.

Sasa jana nikaona ile sehemu ya mwishoni. Familia zimekusanywa kwenye ukumbi wa shule, wanajua 19 wamekufa ila hawajui ni nani amebaki, kila mke anaomba awe wa kwake, kila mama. Afu yule kijana anaingia. Wanamgeukia. Kwa kumuona tu kila mtu ameshajua wake hayupo, na yeye anasoma hilo kwenye kila uso. Mama watoto akazima taa ya sebuleni tusionane machozi. Mama mkwe akainuka akaenda kusimama mlangoni anaangalia mvua, akakaa kimya sana, baadaye akasema "Shauritanga." Wa huku mnajua. Juni 1994, Rombo, shule ya sekondari, mabinti zaidi ya 40 waliteketea kwa moto kwenye bweni usiku mmoja. Alikuwa na mtoto wa dada yake aliyekuwa asome pale mwaka unaofuata.

Ndo hayo wakuu. Naomba kama kuna askari wa zimamoto humu, au mtoto wao, au mke, aniambie nitawaombaje radhi watu ambao hata majina yao sikuuliza.

Mgumu wa Marangu

Mangi umeandika kitu kimenikalisha kitako. Mi ni mgumu, napandisha mizigo mlimani mwaka wa kumi na kitu, na hilo swali la mama mkwe la maji linanihusu moja kwa moja.

Oktoba 2020 mlima Kilimanjaro uliwaka, mnakumbuka, moto ulianza tarehe 11 maeneo ya Whona kwenye njia ya kutoka Mandara kwenda Horombo. Hapa chini Moshi usiku mlikuwa mnaona mstari mwekundu juu, watu wanapiga picha. Sisi tulikuwa juu. Mamia ya watu walipanda, wengi wa kujitolea, askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi wa chuo cha Mweka, wanavijiji, wagumu na waongoza wageni ambao kwanza mwaka ule wa korona hata wageni hatukuwa nao. Vifaa vyetu ni panga, fyekeo, jembe na matawi mabichi. Gari haliwezi kufika. Maji ni yale ya kunywa uliyobeba mwenyewe, na ukiyamwaga kwenye moto utakufa kiu wewe na moto uendelee.

Watu wanadhani shida ni miali. Shida yetu ilikuwa chini. Kule juu udongo una mizizi na majani yaliyooza miaka na miaka, moto unaingia ardhini unatembea taratibu huuoni, umeshazima eneo umekaa upumzike unasikia suruali inapata joto, unaruka, unachimba, kumbe mkaa mwekundu. Unazima leo kesho asubuhi umetokea mita 20 mbele. Buti zangu soli zilibanduka siku ya pili nikafunga na kamba ya mizigo. Afu usiku huko ni zaidi ya mita 3000, baridi inakukata, mbele yako joto linachoma uso na mgongo unaganda, na upepo ukigeuka inabidi ukimbie kwenye vichaka ambavyo ni vikavu kama karatasi. Tulikuwa tunapokezana, wenye nguvu mbele, aliyechoka anarudi nyuma anakula mkate.

Kuna mzee mmoja tulimkuta na sisi, mtu mzima kabisa, tukamwambia meku shuka utaumia, akasema mimi maji ya mfongo wangu, yaani mfereji wa shambani, yanatoka huku. Hakushuka.

2022 Oktoba ukawaka tena, upande wa Karanga, juu zaidi kama mita 4000. Tukapanda tena. Sijawahi kuulizwa na mtu hiyo kazi ilikuwaje mpaka leo nimesoma uzi huu. Hiyo muvi nitaitafuta.

Chalii wa Ngarenaro

Ase nimesoma yote na nimekuelewa bro ila mi niseme ukweli wangu. Bro wangu alikuwa na duka la vifaa vya umeme, mji sitautaja, liliungua saa 9 usiku. Tumepiga simu, tumesubiri, gari linafika limebaki zege. Milioni zaidi ya 40, mkopo wa benki, mtoto wa kwanza chuo. Bro alipata presha mpaka leo anatumia dawa. Sasa mtu kama yule ukimwambia awaonee huruma wanaochelewa unamwambia nini? Muvi za wenzetu ni nzuri, wana helikopta wana redio wana kila kitu, na bado watu 19 wamekufa. Huku sisi tuna nini. Sisemi askari ni waoga, nasema mtu aliyeunguliwa ana haki ya kulia.

Binti wa Zimamoto

Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Kaka wa Ngarenaro pole sana, na pole kwa kaka yako. Hiyo hasira sina haki ya kukunyima.

Mi baba yangu alikuwa zimamoto zaidi ya miaka 25, sasa amestaafu tuko naye Pasua. Nimekua kwenye hiyo nyumba kwa hiyo naomba niseme ninayoyajua ya ndani.

Kwanza hili la gari tupu, kwa sababu baba lilimkera mpaka siku anastaafu. Gari haliji tupu, kila asubuhi wakibadilishana zamu wanakagua maji, mafuta, mipira, wanawasha pampu isikike. Lakini piga hesabu. Tuseme tenki lina lita 5000, mpira mmoja unatoa lita 500 kwa dakika, hizo ni dakika 10. Ukifungua mipira miwili ni dakika 5. Nyumba ya vyumba 6 haizimiki kwa dakika 5. Ndo maana mijini huwekwa hidranti, yale mabomba ya zimamoto ya kuchukulia maji hapohapo barabarani, na sasa nendeni mkayatafute. Mengine yamefunikwa na lami, mengine kibanda kimejengwa juu yake, lingine mtu amemwaga kokoto. Kwa hiyo gari linatoka mpaka linapopata maji na nyuma watu wanapiga mayowe.

Pili, mipira. Baba alishaona gari dogo la mtu linapita juu ya mpira uliojaa maji kwa sababu dereva anataka kuwahi kwake. Mpira ukipasuka, yule aliye ndani ya moshi ameshika nozo anabaki mikono mitupu. Fikiria hapo.

Tatu ni simu. Watu wanaanza na majirani, afu video, afu ndo 114, na 114 ni bure. Baba alikuwa anatufundisha tukiwa wadogo kama sala, sema mtaa, sema alama kubwa iliyo karibu, sema kinachoungua, sema kama kuna mtu ndani, usikate mpaka wakwambie. Na kuna watoto wanaichezea hiyo namba wanacheka wanakata, na kila mara askari anainuka kwa sababu hajui.

Nyumbani maisha yake yalikuwa hivi. Viatu vyake havijawahi kulala vikiangalia ndani, vililala vinaangalia mlango, kamba zimelegezwa. Tukienda msibani Rombo tukalala gesti, kabla ya kuweka begi anatembea korido anahesabu milango, anarudi anatuambia ukitoka kushoto ni milango mitatu, shika ukuta, inama chini kabisa maana hewa nzuri iko chini na moshi ndo unaoua kabla ya moto. Sisi tulikuwa tunaona aibu. Mafuta ya kukaangia yakishika moto jikoni mama alishafundishwa asimwage maji, afunike na mfuniko tu azime jiko, na kweli siku moja yalishika, akafunika, akaendelea kupika.

Ninachokikumbuka zaidi hata sio moto. Kuna siku mtoto alitumbukia kwenye shimo la choo, lile la zamani ambalo kifuniko chake kimelika. Baba ndo aliyeshuka kwa kamba kwa sababu alikuwa mwembamba. Kule chini kuna hewa mbaya, mtu anaweza kuzimia kabla hajafika. Walimtoa mtoto akiwa hai. Baba akaja nyumbani usiku, mama akamchemshia maji mara 3, akaoga mara 3, akakaa mezani akauangalia ugali akausogeza. Hakusema kitu. Saa 11 alfajiri nikasikia anapiga brashi viatu anaenda kazini. Hakukuwa na gazeti, hakukuwa na kamera. Aliyeshukuru ni bibi wa yule mtoto, alileta mkungu wa ndizi wiki iliyofuata akauweka mlangoni akaondoka.

Fundi Umeme Soweto

Niongezee moja kwenye kazi yangu. Mnaona zimamoto wamefika wamesimama na mpira hawamwagi mnaanza kelele. Kama umeme haujakatwa ule waya ulioanguka juu ya bati utamrudia yeye kupitia maji. Wanasubiri line ikatwe. Dakika zile 3 ni ndefu kwako ila kwake ni uhai. Mwenye nyumba, jua mein swichi yako iko wapi na mtoto wako mkubwa ajue, tafadhali. Nimeingia nyumba nyingi sana hapa Moshi mein swichi iko nyuma ya kabati la vyombo.

Mwenye uzi

Wakuu nimesoma zote, nimezisoma na mama mkwe yupo pembeni.

Chalii wa Ngarenaro sitakubishia hata kidogo. Mpe pole bro. Mtu aliyepoteza duka la milioni 40 sio wa kuambiwa atulie, na kudai magari na maji mjini ni haki yako na yangu. Mi deni langu ni jingine. Mi sikuunguliwa na kitu usiku ule. Nyumba yangu ilikuwa salama, nilikuwa natazama, na bado nikamtukana mtu aliyekuwa anaingia mahali ambapo mimi mwenye mtaa wangu nisingeingia. Hilo ndo linaniuma.

Na Mgumu, asante sana kaka. Mi Oktoba ile nilikuwa mmoja wa waliopiga picha huo mstari mwekundu nikaweka stetasi.

Binti wa Zimamoto dada yangu, sehemu ya viatu nimeisoma mara mbili. Kwenye muvi pia kuna mambo kama hayo, madogo madogo. Kuna zoezi wanafanya tena na tena, kila mtu amebeba kiunoni kitu kama shuka la foili linalong'aa, ukizidiwa unalifungua unajifunika unalala kifudifudi uso kwenye udongo. Wanapigiwa saa. Anayechelewa anarudia. Wanataniana wanacheka. Ukiangalia mara ya kwanza unaona ni mazoezi tu, halafu mwisho unawaona wanayafungua kweli, upepo umegeuka, na hamna mtu anayekimbia ovyo, kila mtu anafanya alichofundishwa huku moto unakuja. Nimewaza sana hiyo jana usiku. Nikamuwaza yule wa kifuniko cha chupa.

Afu niliwaza na yule kijana mvuvi wa Bukoba, Majaliwa, ile ndege iliyoanguka ziwani Novemba 2022. Alikuwa kwenye mtumbwi wake anafanya kazi yake, akaiendea ndege kusaidia watu watoke, na baadaye Rais akaagiza achukuliwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nakumbuka watu walisema amepewa zawadi. Leo naona alipewa kazi ya kufanya kila siku kile alichofanya siku moja, na sijui wangapi kati yetu tungeipokea.

Dada wa Boma Ng'ombe

Mi sina mengi. Kaka yangu ni zimamoto, yuko mkoa mwingine, alikuwa Hanang Desemba 2023 yale maporomoko ya tope Katesh. Alichonisimulia ni kimoja tu, kwamba walikuwa wanachimba tope kwa mikono wakisikia kitu laini kwa sababu wakitumia koleo wanaweza kumuumiza mtu. Baada ya hapo hajawahi kuongelea tena. Akipiga simu nyumbani anauliza mvua inanyesha huko?

Asante mwenye uzi. Namtumia huu uzi usiku huu.

Chalii wa Ngarenaro

Dada Binti wa Zimamoto hesabu ya maji nimeielewa, nakiri sikuwahi kuipiga. Hasira bado ninayo sitadanganya. Ila nimempigia bro nikamuuliza pale dukani kulikuwa na hidranti karibu, akanyamaza kidogo akasema ipo, ipo kona ya pili, kuna banda la chipsi juu yake, na tulikuwa tunakula hapo kila siku. Wakuu hilo limeniingia vibaya.

Mwenye uzi

Leo jumatatu. Nimempeleka mama kliniki, tukapewa namba, nikaona muda upo nikarudi Majengo kutembea mtaa wetu mguu kwa mguu natafuta hilo bomba. Nimeuliza vijana hawajui. Nimeuliza fundi viatu hajui. Yule mama wa vitumbua ndo akanionyesha, akasema si ile pale, chini ya tofali za yule bwana anayejenga. Tumehamisha tofali mimi na madogo wawili wa bodaboda, chini yake udongo, chini ya udongo kifuniko cha chuma kimekula kutu. Mwenye tofali alikuja amefura, nikamweleza, akanyamaza afu akaita kijana wake aje atusaidie. Sijui kama lina maji. Kesho nikitoka kazini napita kituo cha zimamoto niwaambie lilipo, waje walijaribu, na nina maneno mengine ya kuwaambia nikifika hapo.

Nilimuuliza yule mama kama anamkumbuka askari wa chupa. Akasema anamkumbuka, alirudi kesho yake asubuhi bila magwanda, akanunua vitumbua vya elfu moja, akaangalia ile nyumba kwa barabarani, akaondoka.

Binti wa Zimamoto

Kaka Mungu akubariki kwa hizo tofali.

Nimemsomea baba uzi wote leo jioni. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi kwa hiyo namsomea. Kwa mitungi ya gesi alisema tu "ndivyo inavyotakiwa, unaanza na mitungi." Kwa Mgumu alisema huyo apewe pole, moto wa ardhini ndo mbaya. Ila alipofika kwenye muvi akanisimamisha, akaniuliza huyo kijana aliyebaki, usiku alikuwa anakaa na nani. Nimekosa jibu, mi sijaiona. Naomba unisaidie maana ananisubiri hapa.

Mwenye uzi

Mwambie mzee shikamoo yake.

Mwambie muvi inaonyesha alipata taabu sana, anajilaumu kwa nini yeye. Mwishoni kabisa, miaka imepita, anampeleka binti yake mdogo mlimani. Kuna mti mmoja mkubwa wa zamani sana, kikosi kiliuokoa kwenye moto mwingine mwezi uleule wa Juni, hata wiki 2 hazikufika kabla hawajafa, wakapiga picha ya pamoja pale wamepandiana mabegani. Ndo anampeleka mtoto auone.

Binti wa Zimamoto

Nimemwambia. Anauliza mti bado upo?

Mwenye uzi

Upo mzee. Watu wanaenda kuutembelea.